Fimbo ya Mkwe

Hivi wewe, mkweo akikuletea zawadi, ukaifungua ukakuta ni mbovu, utamwambia au utanyamaza?

Usijibu haraka. Fundi Cheche naye hakujibu haraka. Aliketi karakanani kwake, kwenye kile kiti cha chuma alichokitengeneza mwenyewe, akailaza zawadi magotini na kuitazama mpaka chai yake ikaweka utando.

Zawadi yenyewe ilikuwa fimbo ya gofu. Fimbo ya chuma, namba saba, kichwa kinang'aa, mshiko wa mpira mweusi. Mkwe wake ndiye aliyeileta, imefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani. Alimkabidhi kwa mikono miwili akisema, "Ya mazoezi tu, baba. Mazoezi." Kisha akakumbuka kuna mteja anamsubiri dukani, akaondoka bila kuonja hata maji. Fundi akatoka nayo uani aijaribu. Aliiinua kama alivyozoea, ikafika usawa wa bega, ikakatika katikati. Haikuanguka chini. Ilining'inia kwenye kiungo kidogo, kichwa kimelegea kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa.

"Maskini mkwe wangu," akasema Fundi. "Wamemtapeli."

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilimkosesha raha, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Fundi Cheche alikuwa mtu wa mageti. Ukipita mtaa ule, ukaona geti lenye maua ya chuma juu na bawaba zisizolia, ujue ni mkono wake. Hata geti kubwa la klabu ya gofu alilitengeneza yeye, na wenye klabu walifurahi wakamfanya mwanachama wa heshima. Heshima hiyo aliitumia miaka mingi kuingia ndani kupaka grisi bawaba, basi. Kucheza, hapana. Kwa macho yake gofu ilikuwa ni watu wazima wanaotafuta kitu walichokitupa wenyewe.

Halafu binti yake wa pekee akaolewa na mpima macho. Kijana mpole, mwenye duka la miwani pale penye mataa, anayezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kila mtu anaumwa kichwa. Mwaka mzima maneno kati yake na baba mkwe wake yalikuwa shikamoo na marahaba, kisha mvua, kisha jua, kisha kwaheri. Fundi aliumia. Kumpa mtu binti yako halafu ukose la kuongea naye ni kama kutengeneza geti ukasahau kuweka komeo. Ndipo siku moja yule kijana akakohoa, akasema, "Baba, Jumamosi tukapige mpira kidogo kule klabu?" Fundi alikubali kabla neno klabu halijaisha kutoka.

Tangu hapo Jumamosi asubuhi zikawa zao. Walitembea kwenye majani yenye umande, kila mmoja na mfuko wake wa fimbo begani, na katikati ya kutembea maneno yalianza kupatikana. Fundi akajua mkwe wake anaogopa mbwa. Mkwe akajua Fundi aliwahi kuchumbia mara mbili akakataliwa kabla ya kumpata mkewe.

Tatizo likawa moja. Fimbo zile nene za kupiga mbali, Fundi alizimudu. Karibu na shimo pia hakuwa na neno, kwa kuwa mikono ya fundi ni mikono ya fundi. Lakini fimbo za chuma, ambazo zinataka uupige mpira kwanza ndipo uguse majani, zilimshinda. Yeye alianza na ardhi. Kila mara, fimbo ikikaribia kushuka, kidevu chake kilianguka kifuani ghafla, tap, kama mtu anayeitikia wito, na hapohapo mikono ikakimbia. Donge la udongo likaruka mbali, mpira ukasogea karibu. Wakata majani wa klabu walikuwa na msemo wao, kwamba mzee anausalimia mpira. Mwenyewe hakujua. Mtu hajioni kisogo.

Na kila mara mkwe wake alisema, "Safi sana, baba."

Sasa kuna mashindano ya wawili wawili, na katika mashindano hayo wenzi wawili hupiga mpira mmoja kwa zamu. Mmoja akiutupa kichakani, ni mwenzake atakayekwenda kuupiga kutoka kichakani. Mwaka uliopita mkwe alitembelea vichaka vyote vya klabu. Alichanika suruali, alitoka na miba, na akiwa ndani ya miba aliita, "Safi sana, baba, tumekaribia!" Walikuwa wa mwisho.

Mwaka huu, siku chache kabla ya ile zawadi, Fundi alikuwa chumba cha kubadilishia viatu, ameinama anafunga kamba nyuma ya kabati, akamsikia mwenye duka la dawa akimwambia mkwe wake:

"Bwana Miwani, utambeba mzee wako mpaka lini? Shemeji yangu goti limemkataa. Njoo tucheze mimi na wewe."

"Mzee anajitahidi," akajibu mkwe.

"Mimi sikuulizi kama anajitahidi."

"Tumalize haya mashindano kwanza. Halafu nitakujibu."

Fundi alibaki ameinama mpaka kiuno kikafa ganzi. Neno lile la kujitahidi alilifahamu vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wanafunzi wake wa uchomeleaji, wale ambao mwezi uliofuata aliwashauri wakajaribu kazi nyingine.

Aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, watu wakimwita Mama Vifungo, na wakati wote alizungumza akiwa na pini mdomoni bila kumeza hata moja.

"Ukimkosa huyu kijana Jumamosi, utabaki unaongea na nani? Na grisi?" akauliza.

"Ndiyo maana nakwambia."

"Sasa unataka nini hasa?"

"Nataka aniambie nakosea wapi. Yeye anajua. Namwona usoni kwamba anajua."

"Basi muulize."

"Mimi ni baba mkwe, mke wangu. Nimpigie magoti anifundishe?"

"Nani kataja magoti? Mdomo unao." Akakata uzi kwa meno. "Mficha uchi hazai, Fundi. Nipe huo mkasi."

Alimpa mkasi. Kumuuliza mkwe hakumuuliza.

Kwa hiyo ile fimbo ilipokuja, ikavunjika, Fundi aliona wazi kwamba hili nalo halisemeki. Kijana wa watu ametoa mfukoni mwake, amekuja na karatasi ya kaki na kamba, umwambie umeuziwa uchafu? Hapana. Akasimama, akaibana fimbo kwenye jiliwa, akausugua mkato ule kwa msasa mpaka chuma kikacheka. Akachagua kijiti cha kuchomelea chembamba kuliko vyote. Akavaa ile kofia yenye kioo cheusi cha mbele na, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akatikisa kichwa mara moja kuishusha usoni, tap, kama alivyofanya maisha yake yote. Akachomelea. Akapitisha grenda, akapitisha msasa laini, akapaka rangi ya fedha. Alipomaliza, hata nzi asingejua pa kujikwaa.

Wewe unayenisikiliza pengine umeshang'amua, lakini acha niseme ili tusipotezane. Fimbo ile haikuwa mbovu. Ziko fimbo za mazoezi zinazotengenezwa na kiungo katikati kwa makusudi. Ukiinua kwa pupa au ukishusha kwa pupa, inakunjika, nawe unajua umekosea. Ukienda kwa utaratibu, inabaki imenyooka na mpira unapigwa sawasawa. Mkwe alikuwa amehangaika kutafuta namna ya kumwambia mzee wake jambo bila kulitamka. Akapata kitu cha kumsemea. Na mzee wake akakichomelea mdomo.

Fundi alianza mazoezi kila asubuhi, uani, kati ya karakana na kamba ya nguo. Fimbo ilikuwa imara kama nondo. Udongo uliruka ukatua kwenye mashuka.

"Fundi," akaita Mama Vifungo kutoka barazani, cherehani ikinguruma, "kama ni kulima, sema nikupe mbegu."

"Najifunza."

"Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ushakaukia juani."

Wiki ile ile mkwe akaja kuleta salamu za binti yao. Alisimama mlangoni pa ua, akamwona mzee anapiga. Fimbo ilipanda kwa pupa, kidevu kikaanguka, fimbo ikashuka kwa pupa. Haikukunjika. Mzee akapiga tena. Haikukunjika.

"Haikusumbui, baba?" akauliza taratibu.

"Hata kidogo. Iko imara kabisa."

"Tangu mwanzo?"

Fundi alimtazama, akamwonea huruma. "Tangu mwanzo," akasema.

Mkwe alirudi dukani kwake akiwa ameduwaa. Fimbo haiwezi kusema uongo. Ikiwa haikunjiki, basi mikono ya mzee haina kasoro, na hicho kichwa kinachoanguka si ugonjwa wenyewe, ni dalili. Kwa nini mtu ainamishe kichwa kabla ya kupiga? Kwa sababu haoni. Alikuwa mpima macho, na mpima macho akifikiri sana hufika machoni. Kesho yake akapiga simu.

"Baba, ukipata nafasi pita dukani. Nikuangalie macho kidogo tu."

Fundi alipita. Alikalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, akafunikwa jicho moja, akaonyeshwa bango la herufi ukutani. Herufi zote aliziona. Mstari wa chini kabisa aliuona, na chini yake aliona jina la kiwanda kilicholichapa bango, ambalo hakuna mtu amewahi kuulizwa. Lakini pia alimwona mkwe wake, amesimama pembeni na kijiti cha kuonyeshea, uso umejaa matumaini kama mtu anayesubiri habari njema hospitalini. Kijana amejiandaa. Amefunga duka. Umwambie macho mazima?

"E," akasema mkwe.

"F," akajibu Fundi kwa ukarimu.

Mstari uliofuata alikunja uso na kukosea tena, na mwingine akakosea zaidi, mpaka mkwe akashusha pumzi, akasema, "Baba, ulikuwa unateseka kimyakimya."

"Tumezoea," akasema Fundi.

Miwani ilikuwa tayari kabla ya Jumamosi. Alipoivaa, dunia ilivimba. Mpira mdogo ukawa kama chungwa, na ardhi ikapanda mpaka karibu na magoti. Mama Vifungo alimzunguka akimkagua kama anavyokagua kola.

"Umependeza," akasema. "Unafanana na karani aliyestaafishwa kwa lazima."

"Ni zawadi ya mkwe."

"Najua ni ya nani. Unaona?"

"Naona vitu vingi zaidi ya vilivyopo."

Siku ya mashindano kukapambazuka bila upepo. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Ile fimbo ya mazoezi aliitia kwenye mfuko pamoja na nyingine, si kwa kuichezea, ila zawadi inatakiwa ionekane. Nyuma yao walipangiwa mwenye duka la dawa na shemeji yake wa goti.

Shimo la kwanza mkwe alianza, akaupiga mpira ukaenda katikati ya njia kama umechorwa na rula. Zamu ya Fundi. Akashika chuma namba saba ya kawaida, akalenga lile chungwa, kidevu kikaanguka. Tap. Ardhi ilikuwa juu kuliko alivyozoea, kwa hiyo aliifikia mapema zaidi. Mpira uliondoka kwa kona na kuingia kwenye mfereji wa maji.

Mkwe alivua viatu, akakunja suruali.

"Safi sana, baba," ikasikika sauti kutoka mferejini.

Shimo la pili lilikuwa hivyohivyo, ila hapakuwa na maji, palikuwa na siafu.

Shimo la tatu ilibidi wasubiri, kwa kuwa walio mbele walikuwa wanatafuta mpira wao. Mkwe, ambaye bado alikuwa anajikuna, alitaka kutuliza mikono. Akachomoa ile fimbo ya mazoezi kwenye mfuko wa mzee. Alikuwa anaifahamu, yake ya namna hiyo ilimkunjikia mwaka mzima alipokuwa anajifunza. Akaizungusha polepole. Ikabaki imenyooka, sawa. Akaizungusha kwa haraka. Ikabaki imenyooka. Akatazama huku na huku, kisha akaivuta kwa nguvu kama mtu anayeua nyoka jikoni. Hakuna kitu.

Akavua miwani yake, akaileta fimbo mpaka puani, akapitisha ukucha pale katikati.

"Baba."

"Naam."

"Hii fimbo imechomelewa."

"Kidogo tu."

"Kidogo?"

"Ilikuwa imevunjika, mkwe wangu. Sikutaka ujisikie vibaya. Wauzaji wa siku hizi hawana haya."

"Haikuvunjika, baba. Imetengenezwa ikunjike."

Fundi akaitazama fimbo, akamtazama mkwe wake juu ya fremu ya miwani. Katika maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kumwagiza kitu kinachokatika.

"Kitu gani hicho kinatengenezwa kikunjike?"

"Hiki. Ukiharakisha kinakunjika, ukitulia kinanyooka. Ndiyo kazi yake."

"Mimi kilinikunjikia mara ya kwanza tu nilipokiinua."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo kilikuwa kinafanya kazi."

"Vizuri sana."

Mbali kidogo mashine ya kukatia majani ilikohoa, ikazimika.

"Na kulehemu nimelehemu vizuri," akasema Fundi baadaye, kwa kuwa kweli ni kweli.

"Sijaona kazi safi kama hii," akasema mkwe, na safari hii neno safi lilitoka moyoni. Kisha akashtuka. "Sasa mbona macho... Mimi nilipoona haikunjiki nikajua mikono yako haina neno. Nikasema basi ni macho!"

"Macho yangu mazima. Bango lako nalisoma mpaka jina la kiwanda."

"Sasa zile herufi ulizokosea?"

"Nilikuona umejiandaa."

Mkwe akaketi juu ya mfuko wa fimbo, fimbo zikalia chini yake.

"Vipi huko mbele?" akapaza sauti mwenye duka la dawa. "Mnachumbiana? Pigeni tupite!"

Fundi alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Dunia ikarudi kimo chake. Akauendea mpira, akashika chuma namba saba, akapanda, kidevu kikaanguka, tap, na kipande cha ardhi ukubwa wa kandambili kikaruka na kutua mbele ya mpira. Mpira wenyewe ukajisogeza kidogo, kwa adabu.

"Sa..." akaanza mkwe. Akafumba mdomo. Akaufumbua. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya dukani.

"Baba, unashusha kichwa! Kila ukitaka kupiga unashusha kichwa kama unashusha ile kofia ya kuchomelea. Ukikishusha, mikono inakimbia, na unapiga ardhi. Miaka miwili nakuona. Kila Jumamosi. Ndiyo maana nikaleta fimbo, ikwambie yenyewe, maana mimi nimekatazwa kukukosoa!"

"Nani kakukataza?"

"Binti yako. Anasema akiwa mdogo alikwambia geti moja limepinda, ukashinda siku nzima bila kula."

Fundi alifikiri.

"Lile geti lilikuwa limepinda kweli," akasema. "Ndiyo maana sikula."

Kisha akasimama pale pale, mikono mitupu, akajifanya ameshika kijiti cha kuchomelea. Kidevu kikaanguka chenyewe, bila kuagizwa. Akarudia. Kikaanguka tena. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Miaka yote ile ya mageti ilikuwa imejificha shingoni, na yeye alikuwa anaitafuta mikononi.

"Na wengine wanajua?"

"Wakata majani wanasema unausalimia mpira."

"Alaa."

"Nisamehe, baba. Nimekosa adabu. Kama hutaki tena kucheza na mimi..."

"Nyie!" akaita mwenye duka la dawa. "Bwana Miwani! Tutalala hapa?"

Mkwe aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule, alipaza sauti mpaka ndege wakaruka kwenye miti.

"Piteni nyinyi! Sisi tuna kazi hapa! Na lile jibu lako ni hapana!"

Mwenye duka la dawa na shemeji yake wakapita kimya, goti likichechemea, wasitazame pembeni. Anayewapisha wengine katika mashindano yale ameshajitoa kwenye zawadi. Jambo hilo Fundi alilijua, na alijua mkwe wake pia analijua.

Akaokota kile kipande cha ardhi, akakirudisha kilipotoka, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikakaa sawa. Akauweka mpira mbele yake. Akakaza shingo, akageuka.

"Mkwe wangu, mimi sikutaka fimbo," akasema. "Wala miwani sikuitaka. Nilichotaka tangu siku ya kwanza ni hicho ulichokifanya sasa hivi, uniambie nakosea wapi. Haya, simama hapo mbele yangu, unitazame, na kichwa kikishuka, usiseme safi."